Mlango wa Saa Kumi na Moja

Wanafunzi wa tawi letu la Tunduma walimwita Madam, sisi wahadhiri wenzake tulimwita Madam, na hata fundi wa bomba aliyekuja mara moja kwa mwaka alimwita hivyo hivyo. Walikuwapo wanawake wengine waliofundisha pale, baadhi yao wakiwa na shahada kubwa kuliko yake, lakini hao ilibidi uwataje majina. Ukisema Madam na kunyamaza, kila mtu alijua unamsema nani, na mara nyingi alijua pia kwamba kuna mtu amechelewa.

Kwa maana alikuwa akifunga mlango. Kipindi chake kilianza saa kumi na moja jioni, na saa ya ukutani ilipofika hapo aliinuka, akaenda mlangoni, akachungulia kulia na kushoto, kisha akasukuma komeo. Hakuwa akifanya hivyo kwa hasira. Alifundisha usafirishaji wa mizigo, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa tayari wanaishi kwa mizigo: mawakala wa forodha, makarani wa maghala, wenye maduka, madereva wa malori ya kwenda Zambia na Kongo. "Treni haikungoji," alikuwa akiwaambia. "Afisa wa mpakani akishashusha dirisha hakungoji. Mimi nina nini cha kukungojea?" Niliwahi kumwona mkuu wa tawi mwenyewe akigonga kistaarabu, akikohoa, akigonga tena, kisha akiondoka zake na karatasi zake mkononi.

Sheria hiyo ilikuwa na tundu moja tu. Magharibi ikiingia, Waislamu waliokuwa darasani walitoka kwenda kuswali, na waliporudi walikuta mlango uko wazi na Madam yuko kimya, amesimama pale pale alipoachia sentensi. Yeye alikuwa Mkristo kutoka Ihanda, wilayani Mbozi, wa kanisani kila Jumapili na kwaya juu. Mkristo mwenzake mmoja alipochelewa na kudai kwamba naye alikuwa akisali njiani, Madam alimtazama kuanzia viatuni. "Aliyekwenda kwa Mungu hajachelewa," alisema. "Wewe umetoka kunyoa."

Sasa niseme jambo ambalo ilinichukua muhula mzima kuligundua. Kipindi kikiisha, Madam hakuwa akienda nyumbani. Alitoa kiti kibarazani, akamwita mama aliyechoma mahindi ng'ambo ya barabara, akachagua hindi moja na kuanza kulitafuna bila haraka. Waliofungiwa nje walikuwa bado wapo, wamejibanza ukutani wakijifanya wanasoma simu. Madam alimuuliza mmoja wao habari za kazini. Yule alijibu kwamba lori la tajiri yake limekwama tangu jana. "Limekwama kwa sababu ya gari au kwa sababu ya karatasi?" Yule alijieleza, mwingine akaingilia, na kabla hindi halijafika katikati, somo lote la ndani lilikuwa limerudiwa nje, na pengine kwa mifano mizuri zaidi. Siku moja nilimuuliza ana haja gani ya kufunga mlango kama atafundisha mara mbili. Alinikazia macho. "Nani kafundisha? Mimi nakula mahindi."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, na nasema wazi kwamba nilimpenda, ingawa kwa miaka yote aliniita "kijana wa kompyuta" na sina hakika kama jina langu alilijua.

Mimi nilitokea Dodoma kufundisha kompyuta. Baadaye uongozi wa chuo uliamua kwamba masomo yote ya jioni ya matawi yahamie mtandaoni, kwa kuwa wanafunzi wengi walikuwa watu wa safari na walikosa vipindi. Nikapewa kazi ya kuwaandaa wahadhiri wa tawi letu. Sharti lilikuwa moja. Kila mhadhiri angefundisha kipindi kimoja cha majaribio, watathmini wa makao makuu wakitazama kutoka huko waliko. Atakayeshindwa, somo lake lingechukuliwa na mhadhiri wa makao makuu, na yeye angebaki tawini kupanga ratiba na kusimamia mitihani. Madam alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Siku ya kwanza ya mafunzo alisubiri wenzake watoke, kisha akasogeza kiti.

"Kijana wa kompyuta, mimi ratiba sipangi. Wakininyang'anya darasa nitakufa huku natembea. Kwa hiyo nifundishe vizuri."

Nilimwahidi. Ahadi ni rahisi ukiwa na umri ule.

Kati ya wote niliowafundisha, yeye alikuwa mzito kuliko wote wa vidole na mwepesi kuliko wote wa maswali. Mhadhiri wa sheria alijua kila kitufe ndani ya wiki moja, ila alifundisha kwa kupiga kelele, akidhani walio mbali husikia kwa shida. Madam alibonyeza kwa kidole kimoja, akaitazama mashine ikifikiri, akabonyeza tena. Akimaliza aliifunika kwa kitambaa cha kufumwa, kama tulivyokuwa tukifunika redio majumbani. Lakini alikuwa akiuliza mambo ambayo mwongozo niliotumiwa haukuwa nayo.

"Nitawaona macho?" hilo ndilo lililokuwa la kwanza.

Nilimweleza kwamba wengi wangezima kamera ili kubana bando. Hakufurahi. Kufundisha kwake kote kulipita machoni. Alikuwa na mwanafunzi mmoja, Tusekile wa Mbebe, aliyekuwa karani wa ghala la nafaka pale mjini, binti mpole wa milimani ambaye hangemwambia mkubwa kwamba hajaelewa hata umchome na pini. Tusekile aliitikia "ndiyo, Madam" kwa kila kitu. Madam alikuwa akisimama mbele yake na kusema, "Mdomo umeelewa, macho bado," kisha anarudia. Nilimwonyesha kitufe cha kunyoosha mkono, nikijiona nimempa dawa. "Asiyeelewa hanyooshi mkono," alisema. "Angejua cha kuuliza, angekuwa ameshaelewa."

Swali la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Madam alikuwa na desturi ya kuuliza jambo darasani kisha kunyamaza. Alinyamaza kweli kweli, mpaka wapya wakaanza kutazamana. Ukimya huo ulikuwa nusu ya kazi yake. "Sasa huko mtandaoni," aliniuliza, "nikinyamaza, watajuaje kama nawasubiri au mtandao umekata?" Nilijaribu hilo na wahadhiri wenzake, nikamwambia anyamaze kama kawaida yake. Kabla hata hajameza mate, mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameshatoka na kuanza kutafuta mtandao dirishani. Nilimshauri Madam asinyamaze basi, asome slaidi moja baada ya nyingine. Ndivyo mwongozo ulivyosema. Alikubali, na nilipoona amekubali kirahisi hivyo nilijua ameogopa.

Siku ya majaribio ilipokaribia, makao makuu waliwatumia wanafunzi wote ujumbe wa simu. Ulisema kipindi ni saa kumi na moja kamili jioni, na kwamba ili pasiwe na visingizio, kila mtu afuate saa iliyo kwenye simu yake.

Anayekaa Tunduma angecheka hapo, lakini aliyeandika hakuwa mtu wa Tunduma. Sisi tunaishi na saa mbili. Zambia iko nyuma yetu kwa saa nzima, na mpaka uko katikati ya mji, kiasi kwamba simu ikishadaka mnara wa Nakonde, upande wa Zambia, inajigeuza yenyewe na kuwa Mzambia. Mtu wa pale ukimwambia saa anauliza, "Ya huku au ya kule?" Kwa kawaida kila mmoja hujiongezea kichwani na maisha yanaendelea. Safari hii chuo kilikuwa kimetamka, tena kwa maandishi, kwamba ifuatwe saa ya simu. Watu wakatii.

Madam alivaa kitenge chake cha sikukuu na kilemba. Alifundishia pale pale tawini, katika chumba kilekile, yeye na mashine tu, nami nikiwa kwenye kona nikirekodi. Saa ya ukutani ilipofika, walikuwapo watathmini watatu na wanafunzi wachache wa kuhesabika kwa vidole, wote wakiwa watu wa Mbozi, mbali na mpaka. Madam aliniangalia. Nami sikujua wengine wako wapi. Akaniuliza kwa mkono kitufe cha kufunga kiko wapi, nikamwonyesha, akafunga.

Kipindi kile sitaki kukieleza sana. Alisoma slaidi. Sauti yake, ambayo ilizoea kupanda na kushuka, ilikwenda mstari mmoja kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Hakuuliza swali hata moja kwa kuwa hakuthubutu kunyamaza. Alipomaliza, watathmini walishukuru kwa adabu, wakatoka, na wale wanafunzi wachache nao wakaaga. Simu yangu ikaita. Nikatoka nje kuipokea, nikiwa nimesahau kuzima kinasa.

Alikuwa kiongozi wa watathmini. Alisema hana haja ya kunizungusha: mahudhurio duni, hakuna ushirikishwaji, hakuna uhai. Somo lingehamishiwa makao makuu kuanzia muhula ujao. Nilijitetea kidogo kwa niaba yake, nikachoka. Nikabaki nimesimama kibarazani nikitafuta maneno ya kumwambia. Mama wa mahindi alinipungia kutoka ng'ambo, akaniambia Madam ameshachukua lake, amechungulia dirishani na kumwita. Giza lilikuwa linaanza kuingia nikiwa bado sijapata neno moja la maana. Nikaamua kuingia hivyo hivyo.

Nilimkuta anafundisha.

Baadaye ndiyo nilielewa kilichotokea. Saa ya Zambia ilipofika kumi na moja, wanafunzi wote waliokuwa mjini na ng'ambo walifika kwa pamoja, na kwa kuwa Madam alikuwa bado hajajua namna ya kutoka, aliwaona wakibisha kwenye kioo, jina juu ya jina. Aliwafungulia. Slaidi alikuwa ameziweka kando. Kilemba alikuwa amekivua. Mkononi alikuwa na hindi la kuchoma.

"Salumu," alikuwa akisema, "uko wapi saa hizi?"

Salumu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Tanga aliyehamia Tunduma kwa kazi. "Niko foleni, Madam. Huku Nakonde, narudi."

"Mbele yako kuna nini?"

"Kuna lori la shaba, Madam. Halijasogea tangu mchana."

"Limekwama kwa sababu ya gari au kwa sababu ya karatasi?"

"Sijui."

"Shuka ukamuulize. Sisi tupo."

Tukasubiri. Hapo ndipo nilipotambua anachofanya. Alitafuna hindi karibu kabisa na kipaza sauti, punje baada ya punje, taratibu. Kila mtu huko aliko alisikia kwamba Madam yupo na kwamba anasubiri. Hakuna aliyetoka. Tulisikia mlango wa lori ukifungwa, hatua kwenye changarawe, watu wakiamkiana kwa heshima ya Kibemba, "mukwai, mukwai," kisha sauti ya mwenye lori la shaba akilalamika kwamba cheti kimoja kimeandikwa uzito tofauti na wa mzani. Salumu akaleta jibu darasani, na Madam akalishika na kulifundisha. "Mzigo ukisimama," alisema, "kuna mtu mahali fulani amelala. Nani amelala hapa?" Akatafuna tena. Wakala mmoja akasema ni mzani. Mwenye duka akasema ni aliyejaza cheti. Kisha ikaja sauti ndogo niliyoifahamu, ya Tusekile.

"Samahani, Madam. Mimi sijaelewa."

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo mbele ya mtu. Madam aliacha kutafuna. Gizani, pasipo macho ya kumtazama, binti wa watu alikuwa ameweza. "Ahsante, mwanangu," Madam alimwambia. "Hebu tuanze upya." Na akaanza upya, na magharibi ilipoingia akawaruhusu wa kuswali waende, na akawangoja.

Alipomaliza nilimwambia yote kwa mpigo: kwamba ameshindwa, kwamba somo limechukuliwa, na kwamba kinasa kilikuwa kinaendelea na ninacho kipindi cha pili chote. Nilitaka kukituma usiku ule ule. Nilidhani angeruka kwa furaha.

"Hapana," alisema. "Usitume."

Nilimuuliza kwa nini. Alikunja kitambaa chake mara mbili na kukikunjua. "Miaka yote hii nimesema nikifunga nimefunga. Leo wanione kwa macho yao kwamba nafungua?"

Nilikasirika. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kutumia na mtu wa umri wake, kwamba tawi zima linajua anafungua, kwamba hata mama wa mahindi anajua, kwamba asiyejua ni yeye peke yake, na kwamba akitaka kumpa mtu mwingine wanafunzi wake kwa ajili ya komeo, basi na ampe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Shikamoo," alinitania.

Nikanywea. Aliinuka akachukua mkoba wake.

"Haya, watumie. Ila ile sehemu ninayokula uikate."

Sikuweza kukata. Alikuwa amekula kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bila kutafuna kule ukimya wote ungekuwa mtandao uliokatika. Nilituma kama kilivyo, na maelezo mafupi kuhusu saa za Tunduma. Jibu lilikuja baada ya wiki moja: mhadhiri anaendelea na somo lake. Chini kabisa paliandikwa kwamba anashauriwa kutokula kipindini. Madam aliisoma sehemu hiyo mara mbili na kutamka kwamba watu wa makao makuu hawajui kufundisha.

Baada ya hapo wahadhiri wenzake walianza kumuuliza yeye, si mimi. Mhadhiri wa sheria alijifunza kunong'ona. Mwalimu wa Kiingereza aliweka saa ya ukutani karibu na kipaza sauti ili isikike ikigonga anapongoja majibu. Madam mwenyewe alikuwa mkali vilevile, msahaulifu wa jina langu vilevile, na alizidi kuwa mbishi: alisema mtandao ni kitu cha kijinga kilichotengenezwa na watu wasiojua kuamkia, na papo hapo alikuwa akinipigia simu Jumapili mchana, kwa sauti ya kusikika Ihanda yote, kuniuliza namna ya kugawa darasa katika vikundi.

Mara ya mwisho kumwona akiwa mhadhiri ilikuwa nyumbani kwake Ihanda. Nilikuwa nimeshahamishiwa tawi jingine, nikaomba ruhusa nikapanda hadi huko kwa kuwa nilisikia anafundisha kipindi chake cha mwisho kabla ya kustaafu. Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto na vichanja vya kukaushia vilijaa uani. Alinikaribisha sebuleni, akanipa kikombe, akaniamuru nikae mahali ambapo kamera haifiki. Alifundisha vizuri sana. Alizunguka na wanafunzi wake kutoka Kasumulu, mpakani mwa Malawi, hadi Kapiri Mposhi, ndani ya Zambia, bila kuinuka kitini, akimuuliza kila mmoja anaona nini mbele yake.

Alipomaliza aliwaambia kwamba muhula ujao watakuwa na mhadhiri mwingine, wamheshimu. Aliwaaga, wakamuaga. Nikangoja atoke.

Hakutoka. Nilisogea nikatazama kioo. Wanafunzi wote walikuwa bado wamo, miraba yote, ile yenye nyuso na ile yenye giza.

"Haya, nendeni," aliwaambia.

"Tangulia wewe, Madam," alijibu Tusekile, kwa adabu ya kwao Mbebe. "Sisi hatuwezi kuinuka mkubwa amekaa."

"Na mimi siwezi kuwaacha wageni sebuleni kwangu. Kwetu mgeni ndiye hutoka kwanza, nikamsindikiza."

"Basi tutakesha, mukwai," alisema Salumu, na nilisikia breki za lori lake zikipumua mahali fulani barabarani.

Madam alinigeukia. Machozi yalikuwa yameshamtoka na hakujishughulisha kuyafuta. Alinong'ona akiuliza afanyeje, na mimi, niliyelipwa mshahara kumfundisha mambo hayo, nilimwambia sijui. Akakaa. Akatazama kioo kwa muda mrefu bila kusema neno, na hakuna hata mmoja aliyedhani mtandao umekata.

Kisha akajikohoza na kuvuta kiti mbele.

"Sawa. Kuna mada moja ya mwaka wa tatu, si yenu na wala si yangu," alisema. "Chukueni kalamu."

Nami nikachukua yangu.